Kifuniko cha Darubini Ndogo

Wajukuu wangu wa klabu ya sayansi, barua yenu nimeipata, na darubini nimeipata pia. Mwalimu wenu aliileta hapa nyumbani kwa pikapu, imefungwa kwa blanketi la bweni, akanywa chai, akanieleza kwamba mliikuta stoo nyuma ya madawati mabovu na mnataka kuitoa Siku ya Wazazi. Mmeniuliza maswali kumi na mawili, yote ya kitaalamu. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kwa nini chombo kizima namna hii kilifungiwa stoo miaka yote hiyo. Labda ni adabu, labda hamjui. Nitawajibu mliyouliza, na hilo ambalo hamkuuliza nitalijibu pia, kwa sababu mtu aliharibikiwa jicho kwenye darubini hii hii, na mimi ndiye niliyekuwa nimeisimamia.

Mimi sikuwa mwalimu. Nilikuwa fundi wa maabara wa shule yenu, yule mtu wa koti jeupe lenye madoa anayeosha chupa baada ya ninyi kwenda kula. Darubini ilipoletwa na wageni waliokuja kutembelea Masista wenye shule, walimu waliishangaa wiki moja, halafu wakaniachia. Vitu vyote vya shule vinavyovunjika upesi huishia kwa fundi wa maabara.

Nianze na kioo, maana swali lenu la kwanza ni kama mkifute kwa kitambaa cha miwani. Msikifute kwa kitu chochote. Darubini yenu haina lenzi kubwa mbele. Mwanga unaingia kwenye bomba, unafika chini kabisa kwenye kioo kilichobonyea kidogo katikati, unarudi juu, unakutana na kioo kidogo kilicholala mshazari, ndipo unatoka ubavuni kwenye jicho lako. Na kile kioo kikuu hakikupakwa fedha kwa nyuma kama cha kujitazamia nyumbani. Kimepakwa mbele, juu kabisa, kwa utando mwembamba ambao hata kidole chenye jasho kinautoa.

Mkikitoa mtaona mikwaruzo ya mviringo upande mmoja. Hiyo ni saini yangu. Mwaka wa kwanza nilikiona kina vumbi, nikakumbuka mjomba wangu wa Tabaka, mchongaji wa lile jiwe laini linalotengenezewa sahani na vinyago. Mjomba akimaliza kazi yake huisugua kwa unga wa jiwe lenyewe na maji, mpaka inang'aa. Nami nikachukua unga, nikalowesha kitambaa, nikasugua kioo cha darubini kwa bidii ya mtu anayetaka kupandishwa cheo. Mwalimu Barongo, aliyekuwa akifundisha fizikia wakati huo, alinikuta hapo.

"Nani amekufunza hii?"

"Mjomba, mwalimu. Yeye hung'arisha hivi."

"Mjomba wako anachonga tembo za kuuzia watalii. Hii ni tembo?"

Alininyang'anya kitambaa, akanitoa nje ya maabara yangu mwenyewe, na kwa siku mbili hakunisalimia. Siku ya tatu akaniita, akanionyesha namna ya kuosha. Unakilaza kioo kwenye beseni la plastiki, chini umetandika taulo. Unamwaga maji ya vuguvugu yaondoe mchanga wenyewe. Kisha maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, na bonge la pamba unaloliburuta juu ya kioo kwa uzito wake tu, usilikandamize, ukishapita mara moja unalitupa na kuchukua lingine. Mwisho unasuuza kwa maji ya maabara, yale ya mvuke uliopozwa, unakisimamisha kwa ukingo kikauke. Kazi hiyo ni ya mara moja kwa miaka kadhaa. Vumbi kidogo halizuii kitu, ni mkono wa fundi mwenye bidii unaoharibu. Hiki nimekiosha wiki iliyopita, kuvu lilikuwa limeanza ukingoni. Unyevu wa Nyamira hausamehe. Mkikirudisha stoo, wekeni ndani ya mfuko wake mchele mkavu uliofungwa kwenye soksi, na muubadilishe kila muhula.

Mfuko wenyewe ni wa turubai ya kijani, una mishikio miwili na mishono iliyonyooka kama mstari wa rula. Ulishonwa na Kwamboka, mke wa mwanangu Nyakundi. Kwamboka ni fundi cherehani, alikuwa na kibanda chake sokoni Kebirigo, na sare za shule yenu zilitoka kwake. Alishona mfuko huo kwa vipimo nilivyomwandikia kwenye karatasi na kumpelekea kwa mkono wa mke wangu. Darubini yenyewe alikuwa hajaiona.

Sasa kusimamisha. Gusii haina tambarare, hilo mnalijua kwa magoti yenu. Kile kiti cha mbao cha darubini kina miguu mitatu, na mguu mmoja ukizama kwenye udongo wetu mwekundu, kila unachotazama kitakukimbia. Kwenye mfuko mna vipande vitatu vya jiwe la Tabaka, bapa. Weka kimoja chini ya kila mguu. Mkiipeleka nje ya shule kwa pikipiki, bomba lilale kwenye mapaja ya abiria limefungwa blanketi, kioo kikiwa upande wa juu wa mlima. Niliipeleka hivyo hadi Magwagwa jioni moja kuwaonyesha watu mwezi. Mzee mmoja alitazama, akatazama tena, akaniuliza kwa hasira mbona mashimo yote yale na serikali haijayaziba. Tulicheka mpaka mawingu yakatufukuza.

Baada ya safari vioo huwa vimehama. Chukua kile kifuniko cheusi nilichokitoboa katikati, kitie mahali pa kuwekea jicho, chungulia. Katikati ya kioo kikuu kuna kiduara cheupe cha karatasi. Zungusha zile skrubu tatu za nyuma, kidogo kidogo, mpaka kivuli cha kitundu chako kiingie ndani ya kile kiduara. Mmoja achungulie, mwingine azungushe, na msigombane.

Halafu kuna darubini ndogo. Hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mmeiona imepanda mgongoni mwa kubwa, ndefu kama shubiri. Kazi yake ni kukutafutia kitu, kwa kuwa kubwa inaona eneo dogo sana la mbingu. Inalinganishwa mchana. Elekeza darubini kubwa kwenye kitu cha mbali, sisi tulitumia mnara wa simu ulio kilimani ng'ambo, kisha zungusha skrubu za ile ndogo mpaka msalaba wake ukae juu ya ncha ya mnara huo huo. Baada ya hapo chochote kilicho kwenye msalaba, kubwa inakiona. Ukitaka kutazama jua, darubini kubwa unaivisha kichujio mdomoni, ile karatasi ya fedha iliyo kwenye pete ya katoni. Unaimulika kwanza uone kama ina tundu, unaifunga kwa utepe upepo usiichomoe. Ile ndogo haina kichujio. Ile ndogo unaing'oa na kuitia mfukoni, au unaifunika pande zote mbili. Jua unalitafuta kwa kutazama kivuli cha bomba ardhini: kikishakuwa kiduara tu, umelipata.

Barongo alinifundisha hayo mwaka ule ule wa unga wa jiwe, na siku moja nilimwona akiyafanya kwa mikono. Sista aliyekuwa mkuu wa shule alikuja uwanjani tukiwa bado hatujavisha kichujio, akainama atazame. Barongo hakusema kitu. Alimsukuma. Alimsukuma Sista begani mbele ya kidato cha pili kizima, kitambaa chake cha kichwa kikaanguka kwenye nyasi. Wasichana walipiga kelele. Sista alipoinuka, Barongo akamwambia, "Utanisamehe kesho, Sista, ukiwa bado unaona." Aliandikiwa barua ya onyo, na hakuomba radhi. Mimi nilidhani amekosa adabu. Nilifikiri, mimi ningetafuta njia nyingine.

Njia nyingine niliipata, miaka mingi baadaye, Barongo akiwa amekwisha hamishwa.

Ilikuwa Siku ya Wazazi, mchana, jua limetoka kama mara chache linavyotoka kwetu. Asubuhi niliwafundisha wasichana kulinganisha darubini ndogo na mnara. Nilivua vifuniko vyake nikavitia mfuko wa koti. Tuliilinganisha vizuri sana, nakumbuka nilijisifu. Kengele ikalia, wazazi wakaanza kuingia mapema, nikavisha kichujio, nikalitafuta jua kwa kivuli, watu wakapanga foleni kuona madoa ya jua. Darubini ndogo ilibaki mgongoni, wazi. Vifuniko vilikuwa mfukoni. Nilisimama pale saa nzima nikiwaelekeza watu, "Jicho hapa, mama, hapa ubavuni," na hakuna aliyeigusa ile ndogo kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo.

Kwamboka alikuja kuleta sketi za kidato cha kwanza. Alikuwa na furushi kichwani. Alisimama mbali, akatazama foleni ikipungua, na nilijua anataka kuona kile chombo alichokishonea mfuko.

Ninyi wengine mmelelewa mjini, kwa hiyo nieleze. Kwetu kati ya baba mkwe na mkaza mwana kuna ensoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye ukuta. Simpi mkono. Siketi naye benchi moja. Nikikutana naye kwenye njia nyembamba ya shamba la chai, mimi au yeye tunapanda kando mwingine apite. Nikiwa na neno, nampa mke wangu ampelekee. Sikulazimishwa kuishi hivyo, niliamini ni vizuri na hadi leo naamini nusu yake. Kwamboka asingesogea kwenye darubini nikiwa nimesimama pale, na mimi nilitaka asogee. Nikafanya kile ambacho mtu mwenye adabu hufanya. Nikatoka. Nilienda hatua nne au tano kando, nikageuza uso, nikajifanya naangalia mawingu ya upande wa Manga.

Hilo ndilo kosa, wanangu. Kifuniko ni kosa la kusahau, na kila fundi husahau. Lakini kuiacha darubini iliyoelekezwa kwenye jua bila mtu, hilo nililifanya nikiwa na akili zangu zote, na niliona fahari.

Nilipogeuka, alikuwa ameweka furushi chini na ameinama. Jicho lake la kulia lilikuwa kwenye darubini ndogo. La kushoto amelifunika kwa kiganja, vile watu wanavyofanya wakitaka kuona vizuri. Mkono wangu ulikuwa mfukoni na vidole vyangu vilikuwa vimegusa vifuniko.

Angekuwa mtu mwingine yeyote ningemrukia. Angekuwa Sista, nadhani siku hiyo ningemrukia hata Sista. Miguu ilianza kwenda, ikasimama. Nikatafuta mwanamke wa kumtuma. Mnaelewa? Jua limo ndani ya jicho la mtoto wangu nami natafuta mjumbe. Nikamwona msichana mmoja wa foleni, nikampigia kelele, "Wewe! Mwambie mama huyo atoe jicho hapo!"

"Mama gani, sir?"

Kwa muda wa maneno hayo jicho lilibaki pale. Semeni kwa sauti, mpime wenyewe urefu wake.

Kwamboka aliinuka mwenyewe. Alipepesa macho, akatabasamu huku anatazama chini, akamwambia yule msichana, ili mimi nisikie, "Nimeliona. Ni kali. Mwambie tata asante." Tata ni baba, ndivyo alivyoniita.

Usiku huo alimwambia mke wangu kwamba kila anachotazama kina kidoa cha kijivu katikati. Mke wangu akamuuliza kwa nini hakutoa jicho mara moja. Maneno yake niliyapata kwa mdomo wa mke wangu, na sijayasahau hata moja. "Mwangaza ulikuwa unaniumiza, lakini nilidhani jua huonekana hivyo. Na tata alikuwa hapo. Ningeruka haraka, watu wangesema nimedharau kazi yake."

Kwa hiyo aliniheshimu na mimi nikamheshimu.

Mjini Kisii daktari wa macho, kijana mpole kutoka upande wa ziwa, alimpima akiwa na mke wangu, mimi nimesubiri kwenye veranda. Alitoka akanieleza mwenyewe. "Mzee, hapa katikati pameungua. Kando anaona. Katikati ndiyo hakuna. Tungoje miezi michache, wengine hupata nafuu." Tulingoja. Kanisani walituombea Sabato baada ya Sabato. Mwanangu Nyakundi alikuja kutoka Nairobi, akakaa nami barazani, akaniuliza habari za ng'ombe. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonitafuna. Nafuu haikuja. Akikutazama kwa jicho hilo peke yake, anaona masikio yako na mabega yako, uso haupo.

Mtu anaweza kuishi na jicho moja zima, mtaniambia. Anaweza. Lakini jicho la kulia ndilo alilolizoea kazini, na la kushoto halikuwahi kuwa zuri. Cherehani alijaribu mwaka mmoja zaidi. Mishono ikaanza kwenda upande, kola zikatoka hazilingani, wateja wa Kebirigo wakawa wapole sana kisha wakahamia kwa fundi mwingine. Shule nayo ikatafuta mwingine. Kibanda akakifunga. Siku hizi anachuma chai, na nyumbani anashona vifungo na viraka vya majirani kwa mkono.

Mimi darubini niliifungia stoo kesho yake ya ile Siku ya Wazazi. Waliniomba, nikasema vioo vimeharibika. Huo ulikuwa uongo, na mwalimu wenu anisamehe.

Mke wangu alipofariki, mjumbe wetu aliondoka. Sasa tuko wawili kwenye boma mchana kutwa, Kwamboka na mimi, na baina yetu hakuna wa kubeba neno. Asubuhi moja nikiwa nyuma ya nyumba nilimsikia barazani kwake akiguna. Nikachungulia. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Alijaribu, akakosa, akalamba uzi, akakosa tena, akaegemeza kichwa ukutani. Sikwenda. Ningeendaje? Lakini kesho yake nilinunua sindano dukani, nikazitia uzi zote, nyeusi, nyeupe na bluu ya sare, nikazichomeka kwenye kipande cha kitambaa na kukiacha juu ya kigoda kilicho kati ya nyumba zetu. Nikaondoka kwenda shambani. Niliporudi kitambaa hakikuwepo. Jioni kilikuwa kigodani tena, sindano zikiwa hazina nyuzi.

Tumekwenda hivyo miaka kadhaa. Hatujawahi kuligusia. Lakini macho yangu nayo sasa yana ukungu wa uzee, na mwezi uliopita nilikuta ameziacha sindano mbili vile vile nilivyoziweka. Nilizikagua kwa miwani. Uzi ulikuwa umepita kando ya tundu, nami sikujua.

Darubini yenu imekaa sebuleni kwangu wiki mbili nikiitengeneza. Mlango huwa wazi mchana. Nilikuta vifuniko vya plastiki vya darubini ndogo vimepasuka kwa uzee, nikawa nawaza nitatumia nini, labda kizibo cha chupa ya dawa. Nilivitoa nikaviweka dirishani, sikumwambia mtu.

Jumapili nilitoka kwenda kuangalia ndizi. Niliporudi kitambaa cha sindano kilikuwa kigodani, na juu yake kulikuwa na vifuniko viwili vya turubai nene nyeusi, vimewekewa bitana ndani na lastiki ukingoni, kimoja cha mbele, kimoja cha nyuma. Nilikwenda navyo ndani, nikavivisha. Vilikaa sawasawa. Aliingia nyumbani kwangu nikiwa sipo, akakiendea kile chombo, akakipima. Nilikaa nacho hapo sebuleni mpaka chai ikapoa, nikalia kama mtoto, na sioni aibu kuwaambia.

Kwa hiyo haya ndiyo masharti yangu. Darubini ikielekezwa kwenye jua, mmoja wenu asimame nayo, na asiondoke hata aje askofu. Mtu akikosea, msimwite mwenzake, msitafute maneno. Mshikeni mkono, mvuteni, hata kama ni mkweo, hata kama ni mkuu wa shule, na radhi mtaomba baadaye. Na vile vifuniko vyeusi msivivue mchana kwa sababu yoyote isipokuwa kulinganisha na mnara, na mkimaliza virudisheni kabla hamjasogea hatua moja. Mtaona mishono yake imepinda, upande mmoja uzi umerudiwa mara tatu kwa kukosa mstari. Msiifumue.